Tairi Lapewa Jina: Historia ya Kitambulishi cha Redio katika Magari ya Biashara

Miongoni mwa mali zote zinazomilikiwa na kampuni ya usafirishaji, tairi ndilo lililochelewa sana kupata utambulisho wake lenyewe. Magari yalianza kupewa namba za usajili kabla ya karne ya 20 kupamba moto, injini na fremu zikagongwa namba za kiwandani, na madereva wakapewa leseni. Lakini tairi, ambalo pamoja na mafuta ni miongoni mwa mambo yanayokausha mfuko wa mwenye malori, liliendelea kuhesabiwa kwa jozi na kwa idadi kama magunia ya mahindi yanavyohesabiwa ghalani. Chombo kilichokuja kubadili hali hiyo ni kitambulishi cha redio, ambacho wahandisi hukiita kwa herufi RFID, yaani kijisahani cha elektroniki chenye antena kinachotaja namba yake kinapoulizwa na mawimbi ya redio. Kwa kawaida habari za chombo hiki husimuliwa kama ushindi wa uhandisi, na kwa kiasi fulani ndivyo zilivyo. Hata hivyo, mwenendo wake unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa kama sura ya historia ya umiliki, kwa sababu pale ambapo mwenye tairi na mtumiaji wake walikuwa watu wawili wasioaminiana sana kitambulishi kilipokelewa upesi, na pale ambapo walikuwa mtu mmoja kilisuasua kwa miaka mingi.

Tairi la upepo lilipata hataza yake ya kwanza mwaka 1845 mikononi mwa Mskoti Robert William Thomson, likasahaulika, kisha likazaliwa upya mwaka 1888 pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipolipatia hataza kwa ajili ya baiskeli. Matairi ya vizazi hivyo vya mwanzo yalikufa mapema mno kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kuyafungulia daftari. Mambo yalibadilika baada ya kampuni ya Michelin ya Ufaransa kusajili hataza ya tairi la rediali mwaka 1946 na kulipeleka kwenye malori mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika tairi la namna hiyo, nyuzi za kiwiliwili hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na juu yake hufungwa mikanda ya nyuzi za chuma inayoshikilia kashata, ambalo ni jina wanalotumia madereva na mafundi wengi kwa meno ya mpira yanayokanyaga barabara. Matokeo yake ni kwamba kiwiliwili huishi muda mrefu kuliko kashata. Kashata zikiisha, mpira uliobaki hukwanguliwa, kiwiliwili hukaguliwa, kisha huvishwa mpira mpya na kurudishwa barabarani, na kiwiliwili kilichotunzwa vizuri huweza kupitia mzunguko huo zaidi ya mara moja.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo halikuwahi kuulizwa wakati wa matairi ya muda mfupi: tairi hili hasa ni lipi? Mwenye malori anahitaji kujua ni kiwiliwili gani kimeshavishwa mara moja na kipi mara mbili, kipi kiliwahi kukimbizwa kikiwa na upepo pungufu hadi nyuzi zake zikachoka, na kipi kilinunuliwa mwezi uliopita lakini sasa hakionekani mahali kilipofungwa. Bila jina haliwezi kuwapo daftari, na bila daftari kiwiliwili kizuri na kibovu hulala pamoja katika rundo moja nyuma ya gereji.

Jibu la kwanza lilikuwa moto. Makampuni yalichoma namba kwenye ubavu wa tairi kwa chuma cha moto, kwa mantiki ileile ya wafugaji wanaotia ng'ombe chapa, na karani akaandika namba hizo kwenye kadi. Utaratibu huo ungali hai katika nchi nyingi, na hauna aibu yoyote, kwa kuwa ni rahisi na hauhitaji umeme. Udhaifu wake ni kwamba namba hufunikwa na tope, husuguliwa na kingo za barabara, na katika magurudumu pacha ya nyuma tairi la ndani haliwezi kusomwa mpaka mtu aingie chini ya gari na kurunzi. Isitoshe, chapa iliyochomwa na mtu mmoja inaweza kuchomwa tena na mwingine, na tarakimu 3 haikatai kugeuka 8.

Serikali nayo iliingia kwa njia yake. Marekani, kuanzia mwaka 1971, iliwataka watengenezaji waandike kwenye ubavu wa kila tairi msimbo unaoanza na herufi DOT, ambao hutaja kiwanda, ukubwa na wakati wa kutengenezwa. Tangu mwaka 2000 wakati huo huonyeshwa kwa tarakimu nne, ambapo 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watu wengi hudhani kwamba msimbo huo ni jina la tairi, lakini sivyo. Matairi yote ya aina moja yaliyotoka katika kiwanda kimoja ndani ya wiki moja yanaweza kubeba msimbo uleule, kwa hiyo unachotaja ni ukoo, na mtu mmojammoja ndani ya ukoo huo hubaki bila jina. Upungufu huo ulivumiliwa kwa takriban miaka 30 kabla haujadai gharama yake.

Wakati tairi likisubiri, mabehewa ya reli ya Marekani yalikuwa yamekwisha kutoa funzo ambalo wenye matairi wangelipata bure kama wangelitazama. Mwaka 1967 chama cha makampuni ya reli nchini humo kiliamua kwamba kila behewa libandikwe mistari ya rangi iliyosomwa kwa mwanga, katika mfumo ulioitwa KarTrak. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mabehewa ilikuwa imebandikwa, lakini vumbi, masizi na mikwaruzo viliziba mistari, visomaji vikashindwa kuitambua, na mwaka 1977 mfumo ukaachwa. Baadaye reli hizohizo zikarudi kwenye kazi ileile zikitumia redio, ambayo haijali tope, na safari hiyo zikafanikiwa. Alama inayotegemea macho, yawe ya mtu au ya mashine, haidumu mahali penye uchafu, na hakuna sehemu ya gari iliyo chafu kuliko gurudumu.

Wazo la chombo kisicho na betri kinachojibu mawimbi ya redio lina asili isiyo ya kibiashara hata kidogo. Tarehe 4 Agosti 1945 watoto wa Kisovieti walimkabidhi balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao, na ndani yake mlikuwa mmefichwa kifaa kilichobuniwa na Leon Theremin, ambacho kilinyamaza kabisa mpaka mtu aliye nje ya jengo alipokielekezea mawimbi, ndipo kikarudisha mawimbi hayo yakiwa yamebeba sauti za chumbani. Hakikugunduliwa hadi mwaka 1952. Mwaka 1948 Harry Stockman alikuwa amekwisha kuchapisha makala ya kitaalamu juu ya mawasiliano kwa nguvu inayoakisiwa, akikiri humo kwamba kazi kubwa ya utafiti ilikuwa bado mbele. Kanuni yenyewe inafanana na mtu anayempelekea mwenzake ishara kwa kioo juani: hana taa wala kibiriti, bali anageuza kioo ili mwanga wa jua urudi au usirudi. Kitambulishi hufanya hivyohivyo. Chipu yake hupata nguvu kidogo kutoka katika wimbi la kisomaji, kisha hubadili namna antena inavyoliakisi wimbi hilo, na katika mabadiliko hayo namba husomeka. Januari 1973 Mario Cardullo alipewa hataza ya Marekani kwa kitambulishi chenye kumbukumbu inayoweza kuandikwa upya, na mwaka 1975 watafiti wa maabara ya Los Alamos, Alfred Koelle, Steven Depp na Robert Freyman, wakaeleza jinsi mbinu hiyo ya kuakisi inavyoweza kutumika kutambua vitu kwa umbali mfupi. Mifugo na ushuru wa barabara ndivyo vilivyofuata. Tairi lilikuwa bado nje ya mlango.

Lililoufungua mlango huo ni msiba. Tarehe 9 Agosti 2000 kampuni ya Bridgestone/Firestone ilitangaza kurudishwa kwa matairi yapatayo milioni 6.5 ya aina za ATX na Wilderness AT, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya kashata na mkanda kubanduka kutoka kwenye kiwiliwili gari likiwa kasi na magari kupinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilihusisha kubanduka huko na vifo 271. Sehemu ya matairi yaliyotiliwa shaka zaidi ilitoka katika kiwanda cha Decatur, jimbo la Illinois, na hapo udhaifu wa msimbo wa DOT ulionekana wazi. Kanuni ya wakati huo iliruhusu msimbo kamili uwe upande mmoja tu wa tairi, nao mara nyingi ulielekea ndani, kiasi kwamba mwenye gari alilazimika kulala chini ili ajue kama amekalia hatari. Na hata akiusoma, alijua tu wiki na kiwanda.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyojulikana kama TREAD, ikatiwa saini tarehe 1 Novemba 2000, chini ya miezi mitatu tangu tangazo lile. Sheria hiyo ilizaa vihisi vya upepo vinavyowasha taa kwenye dashibodi, na kwa sababu hiyo watu wengi huvichanganya na vitambulishi, ingawa ni vitu viwili tofauti: kihisi kina betri, hukaa kwenye rimu au kwenye vali, na hutaja upepo, kitambulishi hakina betri, hukaa kwenye mpira, na hutaja jina. Sheria haikuamuru kitambulishi kiwekwe. Ilichofanya ni kuwaonyesha watengenezaji kwamba kushindwa kutenganisha tairi moja na jingine kunaweza kuwalazimu warudishe mamilioni pale ambapo maelfu yangetosha. Muda si mrefu chama cha viwanda vya magari cha Amerika Kaskazini, AIAG, kikatoa kiwango kilichoitwa B-11 kwa ajili ya utambuzi wa matairi na magurudumu kwa redio, na Januari 2003 Michelin ikatangaza kuanza majaribio ya barabarani ya matairi yenye chipu iliyozikwa ndani ya mpira.

Kuizika chipu humo hakukuwa kazi nyepesi, na sehemu hii ya historia inastahili kutazamwa kwa utulivu. Tairi bichi huwekwa katika kalibu na kupikwa kwa joto la takriban nyuzi 150 hadi 180 za Selsiasi huku likishindiliwa kwa shinikizo kubwa, ndipo salfa iliyomo inapoufunga mpira na kuufanya mgumu wenye kunepa. Chochote kilichozikwa humo lazima kivumilie mapishi hayo, kisha kivumilie mamilioni ya mizunguko ambayo katika kila mmoja ubavu wa tairi hujikunja na kujinyoosha. Antena bapa iliyofaa kwa katoni za dukani ingekatika mapema. Wahandisi wakaitengeneza antena kama springi mbili nyembamba za chuma zinazotoka pande mbili za chipu, ili zinyumbuke pamoja na mpira. Na kwa kuwa chuma kitupu hakishikani na mpira, wakazipaka mchanganyiko wa shaba na zinki, ambao huungana na salfa wakati wa kupikwa, mbinu ambayo watengenezaji walikuwa wakiitumia tangu zamani kwa nyuzi za chuma za tairi lenyewe. Tatizo lingine lilikuwa redio. Mpira wa tairi ni mweusi kwa sababu ya masizi laini yanayochanganywa ili kuuimarisha, na masizi hayo hunyonya mawimbi, wakati mikanda ya chuma huyazuia. Ilibidi patafutwe mahali pa katikati, mbali na mikanda ya juu na mbali na waya mnene wa ukingoni, kwa hiyo kitambulishi kikapata makao yake sehemu ya chini ya ubavu, juu kidogo ya rimu. Makao hayo yana faida ambayo mwenye malori huithamini kuliko umbali wa kusomeka: kashata zinapokwanguliwa ili tairi livishwe upya, kisu hakifiki hapo, na jina hupita salama kutoka maisha ya kwanza hadi ya pili.

Namba yenyewe ilipata muundo wake kutoka kwingine. Mwaka 1999 kituo kiitwacho Auto-ID kilianzishwa katika chuo cha MIT kwa nia ya kuipa kila bidhaa duniani namba yake ya pekee, na Desemba 2004 shirika la EPCglobal likaidhinisha lugha ya pamoja kati ya visomaji na vitambulishi vinavyotumia masafa ya megahezi 860 hadi 960. Katika mpangilio wa biti 96 uliotumiwa sana, sehemu moja hutaja mtengenezaji na aina ya bidhaa, na biti 38 za mwisho hutaja kipande kimojakimoja, nafasi inayotosha vipande zaidi ya bilioni 274 vya kila aina. Ukoo ukabaki pale ulipokuwa, na hatimaye mtu ndani ya ukoo akapata jina.

Pamoja na hayo yote, miaka ya 2000 haikushuhudia malori yakikimbilia teknolojia hiyo. Kwa mwenye malori machache, anayeyajua matairi yake kwa sura kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake, gharama ya visomaji na programu haikuleta kitu ambacho chaki na daftari havikuleta. Waliokuja mbio walikuwa wengine, tena kutoka mahali ambapo hakuna mzigo unaosafirishwa. Mwaka 2006 Goodyear, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa ikitoa matairi kwa ngazi kuu za mashindano ya magari ya NASCAR nchini Marekani, iliacha kuziuzia timu matairi na kuanza kuzikodisha, huku kila tairi likiwa na kitambulishi cha redio. Sababu ilikuwa ya kibinadamu kabisa. Waandaaji walikuwa wameweka mipaka ya majaribio, kwa kuwa timu tajiri zilizoweza kujaribu magari siku nzima zilizipita timu maskini, lakini timu iliyonunua seti ya ziada ya matairi ingeweza kwenda nayo kwenye uwanja wa faragha na kufanya majaribio bila mtu kujua. Tairi lililouzwa haliulizwi liko wapi. Tairi lililokodishwa huulizwa, na baada ya mbio lilipaswa kurudi, huku kisomaji kikitaja ni lipi lililopewa timu gani na kama ndilo lililorejea. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huo wa jinsi mabadiliko ya umiliki yalivyotangulia na teknolojia ikafuata nyuma kama utingo.

Mabasi ya miji yalikuwa yamejiandaa kwa mkondo huohuo kwa miongo mingi. Mashirika mengi ya mabasi ya Marekani hayanunui matairi, bali hulipa kampuni ya matairi kwa kila maili ambayo basi limekwenda, na Uingereza nayo inaujua vizuri mkataba wa namna hiyo. Chini ya mkataba huo kampuni ya matairi hupata faida tairi linapoishi maisha marefu, na hupata hasara likipotea, likikimbizwa bila upepo wa kutosha, au likiondolewa kabla kashata hazijaisha, ilhali tairi hilo hulala usiku katika yadi ambayo si ya kampuni hiyo. Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012, Michelin ilifunga matairi yenye vitambulishi kwenye mabasi ya London, na uchaguzi wa mahali hapo haushangazi. Fundi aliyesimama kando ya basi na kisomaji cha mkononi aliweza kulitambua kila tairi, akapima upepo na kina cha kashata, na vipimo hivyo vikaingia katika kumbukumbu ya tairi lile bila kalamu kugusa karatasi. Karani aliyekuwa akikisia namba zilizofutika kwenye ubavu alibaki bila kazi ya kukisia.

Migodi ilifika kwa njia fupi zaidi. Lori kubwa la mgodini hufungwa tairi lenye kimo cha mita 4 hivi na uzito wa tani 5 au zaidi, linalogharimu makumi ya maelfu ya dola, na kati ya mwaka 2005 na 2008 matairi ya aina hiyo yaliadimika duniani hata migodi ikawa inayasubiri kwa hamu. Kwa kitu cha bei hiyo hakuna aliyehitaji kushawishiwa.

Kilichokuwa kimebaki ni lori la kawaida la barabarani, na hapo kikwazo kilikuwa kwamba kila mtengenezaji alikuwa na utaratibu wake. Mwenye magari anayechanganya matairi ya makampuni matatu kwenye lori na tela lake hakutaka kumiliki visomaji vitatu. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa kati ya mwaka 2019 na 2020 mfululizo wa viwango vinne, namba 20909 hadi 20912, vinavyoeleza kitambulishi cha tairi kiweje, kiandikwe nini, na kijaribiwe vipi, iwe kimezikwa kiwandani au kimebandikwa baadaye kwa kiraka cha ndani. Bei ya chipu ilikuwa imeshuka, na viwanda vyenyewe vilikuwa vimegundua kwamba kitambulishi kinawafaa hata kabla tairi halijauzwa, katika kulifuatilia ghalani na kwenye mstari wa uzalishaji. Mnamo 2021 Michelin na kampuni ya Murata ya Japani zilitangaza moduli ambayo zilikuwa zimeitengeneza pamoja kwa ajili ya kuzikwa katika matairi kwa wingi, na Michelin ikaeleza nia ya kuiweka hata katika matairi ya magari madogo.

Hapo historia hii iligeuka kwa namna ambayo wanunuzi wengi hawakuigundua. Katika mbio za NASCAR na katika mabasi ya London, mwenye tairi ndiye aliyetaka kulifuatilia. Sasa tairi linauzwa moja kwa moja, mnunuzi ndiye mwenyewe kisheria, na bado linatoka kiwandani likiwa na jina ambalo hakuliomba na mara nyingi hajui kwamba lipo. Tena kitambulishi hakibebi historia ya tairi. Kinabeba namba tu, na maelezo ya namba hiyo, kama vile ukubwa, aina na tarehe ya kutengenezwa, yamo katika kompyuta za mtengenezaji. Ili maelezo hayo yapatikane na wengine, watengenezaji wakubwa waliunda shirika liitwalo GDSO lenye makao mjini Brussels, ambalo hupokea namba kutoka kwa msomaji yeyote aliyeruhusiwa na kumwelekeza kwa kampuni inayoijua. Umoja wa Ulaya kwa upande wake ulipitisha kanuni namba 2024/1781, iliyoanza kufanya kazi Julai 2024, ambayo inaweka msingi wa pasipoti za kidijitali za bidhaa, na katika mpango kazi wa mwaka 2025 matairi yakatajwa miongoni mwa bidhaa za kipaumbele.

Matairi hayohayo hayakomi Ulaya. Baadhi ya viwiliwili vilivyotumika huko husafirishwa hadi bandari za Afrika, huvishwa mpira mpya au hufungwa kama vilivyo, na vikizeeka kabisa hukatwa kuwa ndara, kamba na ndoo za kuchotea maji. Mkataji wa ndara hutumia sehemu pana ya juu na kuutupa ukingo, kwa hiyo kijisahani kile hubaki katika kipande kinachoachwa kwenye takataka, kikiwa bado tayari kuitaja namba yake kwa kisomaji chochote chenye masafa yanayostahili, wakati maelezo ya namba hiyo yangali Ulaya, katika kompyuta ya kampuni iliyoliuza tairi miaka mingi iliyopita.